Mkono wa Pasi

Pasi haiburuzwi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa Fundi na baba yake, na alifundishwa kabla hata ya kuruhusiwa kushika mkasi. Kitambaa cha sufu ukikiburuzia pasi kinavutika pasipotakiwa, kinang'aa kama kipara, na kola inakataa kulala maisha yake yote. Pasi inawekwa, inakandamizwa, inainuliwa, mvuke unatoka, inawekwa tena. Koti moja lilitaka pasi iinuliwe mara mia mbili hivi, na pasi yenyewe ilikuwa kilo saba za chuma kitupu, haina waya wala tundu, ya kupashwa juu ya jiko la mkaa. Mgeni akiiona pale chini alidhani ni ya kuzuia mlango usifungwe na upepo.

Ilikuwa ya baba. Karakana ilikuwa chumba kimoja cha mbele ya nyumba, dirisha linatazama barabara, meza ya kukatia imejaa alama za chaki zisizofutika, cherehani mbili za miguu na kioo kirefu chenye ufa kwenye pembe. Humo ndimo Fundi alimokulia, kwanza chini ya meza akiokota pini kwa sumaku, baadaye juu ya meza. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na ubishi mwingi. Alikuwa na daftari la vipimo lenye jalada gumu, na humo hakuandika jina la mteja hata mmoja. Watu hubadili majina, alisema, wakioana, wakipanda cheo, wakihama, lakini mwili wa mtu unamjua fundi wake. Basi ukurasa mmoja ulisema "Mcheka Ovyo, kifua arobaini na mbili", mwingine "Bega Moja", mwingine "Shingo Ndefu". Mteja akijisomea na kukasirika, shauri lake.

Alipofika miaka kumi na minane Fundi aliambiwa ainue pasi kwa mkono mmoja. Aliiinua kwa mikono miwili na bado akayumba nayo. Baba hakumcheka. Alimwambia siku atakayoweza kuishika hewani mpaka yeye amalize kuipanga kola vizuri chini yake, siku hiyo atamkatia koti. Hakuwahi kumkatia mwanamke koti, kwa hiyo ahadi hiyo haikuwa mchezo. Fundi alijipiga moyo konde. Miaka minne alibeba ndoo za maji, alibeba marobota ya vitambaa, asipobanwa na kazi anainua hiyo pasi hata kama haina moto.

Siku yenyewe ilikuja bila kupiga hodi. Asubuhi moja baba alimwambia tu, "Shika pasi." Akaanza kuipanga kola, lakini kwa polepole ambayo Fundi hakuwahi kuiona, analainisha hapa, anarudi pale, jasho linamtiririka binti hadi kwenye kisigino. Mkono haukushuka. Baba alipoinua uso alisema, "Haya. Umekuwa fundi." Kesho yake alimpima, akamkatia koti la sufu ya buluu iliyokolea, bitana ya hariri nzito, na katika daftari akaandika: "Binti. Bega kumi na tano u nusu. Kiuno thelathini na moja. Mkono wa juu, kulia, kumi na mbili. Mkono wa pasi." Tangu siku hiyo hakuigusa tena pasi. Akiulizwa alijibu kwamba mtu aliyekwisha kulea fundi atokwe na jasho kwa lipi? Miaka miwili baadaye alifariki, mwembamba, nadhifu, amevaa vizuri kama kawaida yake, na watu msibani wakasema uzee ulimpendeza.

Fundi aliirithi karakana, akafungua daftari lake jipya, akaolewa na mpanga barua wa posta, akazaa wawili, akawakuza wakaondoka. Karibu miaka thelathini ikaenda hivyo. Shona, piga pasi, kula, lala. Akanenepa, tena unene wa raha, wa mtu akaaye kitako juu ya stuli siku nzima na kula keki za wateja wanaokuja kujaribu nguo. Alipofika hamsini na mbili alikuwa kilo tisini na moja, na kichwa kilimgonga kila jioni. Alidhani ni macho.

Haikuwa macho. Daktari alimwambia ana presha ya siku nyingi ambayo haikutibiwa, na hiyo presha imekwisha kuzichosha figo. Zilikuwa zinafanya kazi chini kidogo ya nusu. Sehemu zilizokwisha kuumia haziponi, alisema bila kumzungusha, lakini zilizobaki zinaweza kutunzwa akae nazo miaka mingi, asiifikie mashine ya kusafishia damu. Ameze dawa, apunguze chumvi, aache vidonge vya maumivu anavyojinunulia dukani, apunguze mwili taratibu. Akaandikiwa karatasi ya kwenda chumba cha lishe. Hakwenda. Mtu wa miaka hamsini na mbili akafundishwe kula? Karatasi aliifanya patroni ya kukatia mfuko wa koti.

Badala yake alimsikiliza msusi wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa na habari za kila ugonjwa isipokuwa wake. Msusi alisema figo huchukia nyama, samaki, mayai, maziwa na maharage, vyote. Na Fundi ni mtu wa mkasi. Akiambiwa punguza, anakata. Alivikata vyote siku hiyohiyo, akabaki na uji mwepesi, boga la kuchemsha, tufaha na chai isiyo na maziwa. Hakuambilika wala hakusemezeka. Mumewe, ambaye siku hizi alikuwa mstaafu na kazi yake kubwa ilikuwa kumtazama mkewe, alikaanga yai peke yake jikoni kwa aibu, kama mtu anayevuta sigara kwa kificho.

Mwili ukashuka. Ee, ulishuka kweli. Kila Jumamosi Fundi alijizungushia futi kiunoni, na kila baada ya wiki mbili alikaa kwenye cherehani akabana sketi zake. Arobaini na mbili, arobaini, thelathini na saba, thelathini na tatu. Barabarani watu walimsimamisha. Umependeza, umerudi msichana, tupe dawa na sisi. Kichwa kikamvimba, na nani asingevimba? Katika miezi kumi na moja alipoteza kilo ishirini na moja, na hakuna hata siku moja aliyojipima mahali pengine isipokuwa kiunoni. Mtu ambaye maisha yake yote hajakata koti bila vipimo kumi na viwili, mwili wake mwenyewe aliupima kwa kimoja.

Pasi ndiyo iliyojua kwanza. Ilianza kuwa nzito. Fundi alilaumu mkaa, akalaumu mpini, akaufunga kitambaa. Akainua kwa mikono miwili. Mumewe alimwona akishika pembe ya meza kila anapotaka kusimama kutoka kwenye stuli, akamwuliza kulikoni, akajibiwa kwamba sakafu inateleza. Ilikuwa sakafu ileile ya tangu azaliwe. Halafu ikafika siku ambayo alikuwa amechoka, koti linangojewa, hakuna anayemtazama, na Fundi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaiacha pasi juu ya kitambaa, akaisukuma.

Koti lilikuwa la Hakimu. Huyu alikwisha kustaafu, lakini jina hilo halikustaafu. Ndiye yule Shingo Ndefu wa kwenye daftari la baba, mteja wa tangu ujana wake, na kwa shingo kama ile kola ndiyo koti lote. Alilichukua, akaenda, na siku ya nne akalirudisha. Hakufoka. Alilitandaza juu ya meza, akaigeuza kola kwenye mwanga wa dirisha, na pale pakawa na mng'ao, umenyooka kutoka pembe hadi pembe.

"Fundi," alisema, "hii imeburuzwa."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Fundi alitaka kusema mpini, mkaa, kitambaa kibovu, akaishia kuifunika kola kwa kiganja. Hakimu alisema ataleta kitambaa kingine baada ya miezi mitatu, mwanawe akirudi kutoka safari nacho, na kwamba hana pengine pa kwenda. Lakini ikitoka hivi tena, alisema, ataelewa kwamba kazi ya baba yake Fundi imefika mwisho, na hatamlaumu. Hiyo "hatamlaumu" ndiyo iliyomchoma. Katika karakana ile, enzi za baba, koti halikuwahi kurudi.

Alipoondoka Fundi alifunga mlango mchana kweupe, akaenda chumbani, akalitoa koti lake la buluu kutoka kwenye mfuko wenye dawa ya nondo. Alikuwa amekiahidi kiuno chake mwaka mzima: siku ya kulifunga lile koti ndiyo siku ya ushindi. Alitaka ushindi wowote siku ile. Akalivaa. Vifungo vyote vitatu vikafunga, bila hata kuvuta pumzi. Akaenda kwenye kioo cha karakana kifua mbele.

Jicho la fundi halina huruma hata kwa mwenyewe. Kiuno kilikaa sawasawa. Juu ya kiuno hapakuwa na mtu. Mabega ya koti yalisimama peke yake na yake yalikuwa ndani mbali, mikono ilining'inia kama mapazia, mgongoni kulikuwa na mikunjo miwili inayoshuka kutoka shingoni, ile mikunjo inayomwambia fundi yeyote kwamba nguo ilikatiwa mtu mwingine. Alichukua futi, akalizungusha kwenye mkono wa juu, akafungua droo ya chini akatoa daftari la baba. Kumi na mbili, lilisema. Futi lilisema tisa na robo tatu. Akapima paja, ambalo baba kwa heshima hakulipima, na halikuhitaji kulinganishwa na kitu.

Mumewe alimkuta amekaa sakafuni na koti lake. Alimsaidia kusimama, na safari hii hakuuliza sakafu imefanya nini.

Chumba cha lishe kilikuwa na msichana aliyevaa raba, wa umri wa mwanawe wa mwisho. Alimpa Fundi kitu cha kubana kwa kiganja, chenye mshale kama wa mizani. Mkono wa pasi, ulioinua kilo saba miaka thelathini, ukausogeza mshale hadi kilo kumi na nne tu. Msichana aliiandika namba hiyo. Aliomba aambiwe kila kinachoingia kinywani tangu asubuhi hadi kulala, akaandika, na karatasi haikujaa hata nusu.

"Mama," alisema, "mizani haijui umepoteza nini. Inajua umepoteza tu."

Akamweleza kama anavyoelezwa mtu mzima. Figo zilizochoka hazitaki kulishwa nyama kwa mapande, ni kweli, na msusi hakuzua yote. Lakini mwili ukinyimwa kabisa unakula nyama yake wenyewe, na taka za nyama hiyo zinapita kwenye figo zilezile. Kwa hiyo amekosa huku na huku. Alimkadiria: yai asubuhi, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja mchana, kidogo tena jioni, na maharage kwa kipimo, kwa sababu vipimo vya damu yake yeye viliruhusu. "Yako wewe, si ya jirani," alikazia. Wanga wa kutosha ili samaki na mayai hayo yasichomwe yote kwa ajili ya nguvu. Chumvi ileile kidogo, dawa zilezile. Asishike unga wa makopo wa wanyanyua vyuma hata akipewa bure. Na chakula peke yake hakitoshi: mkono hurudi kwa kazi. Asimame na kukaa kwenye stuli bila kushika meza mara tano, kisha nane, kisha kumi. Avute kitu kinachokataa kuvutwa.

Kitu kinachokataa kuvutwa alikuwa nacho boksi zima. Alifunga lastiki pana ya viunoni kwenye nondo ya dirisha, akawa anaivuta asubuhi na alasiri, na wapita njia wakadhani Fundi anapigana na dirisha. Mumewe alihesabu kwa sauti ile aliyokuwa akihesabia barua za kupiga mihuri. Alikaanga mayai mawili sasa, moja moja, mlango wa jikoni wazi. Msusi alipoona samaki alishika kinywa. Fundi alimwambia aendelee na nywele.

Miezi mitatu. Kitambaa cha Hakimu kikaja, kijivu cha moshi, sufu ambayo ukiigusa unajisikia tajiri. Fundi alikikata, akakishona polepole, na kilichobaki kikawa pasi. Siku hiyo alijipima kwanza. Mizani ilikuwa imepanda kilo moja na robo, akahisi moyo umemwanguka. Kiuno palepale. Mkono: tisa na robo tatu. Robo tatu ileile, baada ya mayai yote, samaki wote, na lastiki mbili zilizokatika. Alitupa futi chini. Akasema imetosha, atamrudishia Hakimu kitambaa chake kilichokwisha kukatwa na pole juu yake, atabaki kupunguza suruali na kubadilisha zipu kama mafundi wengine wenye akili. Alisema na maneno mengine ambayo baba yake asingependa yasemwe mbele ya kitambaa kizuri.

Mumewe hakubishana. Alisema basi aiandike tu hiyo namba, msichana wa lishe aliagiza iandikwe. Fundi, kwa hasira, alivuta daftari la baba, akalifungua kwa nyuma kutafuta ukurasa mtupu, na ukurasa haukuwa mtupu.

Miaka ishirini na tisa lilikuwa kwenye droo, na hakuwahi kulifungua kwa upande ule. Mwandiko ulikuwa wa baba. Juu kabisa aliandika jina la mteja kama alivyoandika ya wote, neno moja tu: "Mimi". Chini yake vipimo, mwaka juu ya mwaka. Mkono wa juu, kulia: kumi na tatu. Kumi na mbili u nusu. Kumi na moja. Kumi na robo. Mstari wa mwisho ulikuwa na tarehe, na Fundi hakuhitaji kuikumbuka, maana ndiyo tarehe ya siku aliyoambiwa ashike pasi, iliyoshonwa kwa uzi mwekundu ndani ya mfuko wa koti lake la buluu. Tisa na robo tatu. Pembeni baba alikuwa ameandika: "Leo imenishinda. Ashike Binti."

Fundi alisoma, akasoma tena. Ile polepole ya kupanga kola. Lile neno la mtu aliyekwisha kulea fundi. Ule wembamba ambao watu waliusifu, na yeye mwenyewe, binti wa pekee, alikuwa akiubana kwa sindano bila kuuliza, suruali baada ya suruali, akijivunia jinsi baba anavyokaa vizuri kwenye nguo. Hakujua baba aliugua nini, wala sasa hakuna wa kumwuliza. Alijua kwamba mtu yule alijipima mpaka mwisho, akiona kila kitu, na hakumwambia mtu.

"Baba, si ungeniambia," alisema kwa sauti, mbele ya mumewe, na akalia kilio ambacho hakukilia msibani.

Kisha akajipangusa, akaandika namba yake chini ya ya baba, sawasawa ile ile, na asubuhi akaenda mwenyewe kwa Hakimu. Alimwambia mkono wake umepungua kwa ugonjwa, kwamba anaurudisha, kwamba koti litachelewa na hajui kwa miezi mingapi. Katika maisha yake hajawahi kumwambia mteja maneno hayo. Hakimu alimwangalia kutoka juu ya shingo yake, akasema ana makoti mengine.

Msichana wa lishe alimpima miguu kama imevimba, haikuvimba, akafurahia ile kilo moja na robo kuliko alivyowahi kufurahia zile ishirini na moja zilizopotea. Alionyesha mshale wa kiganja: kumi na saba. Nguvu hutangulia, alisema, nyama hufuata nyuma, hasa katika umri huu, na kwa figo hizi haitarudi yote. Damu ilionyesha figo zimekaa palepale, hazikushuka. Fundi aliuliza kama palepale ni vizuri. Akaambiwa palepale ndiyo habari njema yenyewe.

Ikapita miezi mingine mitano. Fundi alisimama kutoka kwenye stuli mara kumi na mbili bila meza. Aliinua pasi baridi, kisha akaipasha. Kola ya Hakimu ilimchukua asubuhi tatu, mara tano anainua, anapumzika, mara tano tena, mkono mmoja, na siku ya tatu alipofika pembe ya mwisho aliishika hewani akaipanga kola kwa mkono wa pili bila haraka yoyote. Hakimu alikuja, akaipeleka kola dirishani kama safari ile, akapitisha kidole, akalivaa koti na kwenda nalo. Wala hakusema asante. Fundi hakuwahi kusifiwa vizuri hivyo.

Alasiri hiyo alimwita mumewe ampime, kwa sababu mkono wa kulia ni taabu kujipima mwenyewe. Daftari lilikuwa wazi mezani, kwa upande wa nyuma. Mzee alizungusha futi, akakaza macho, akasema kumi na nusu.

"Umelegeza," Fundi alisema. "Vuta. Usinipendelee."

Alivuta. Kumi na robo, akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshikwa. Robo inchi katika koti ni kitu kikubwa, na Fundi hajawahi kumsamehe mtu robo inchi.

"Andika hiyo basi," alisema, na mumewe akaandika, kwa mwandiko wake wa posta, chini ya tisa na robo tatu mbili zilizofuatana, kwenye ukurasa wa mteja anayeitwa Mimi.